Jinsi ya kuijua staili yako ya kukimbia kabla hujaanza kuibadilisha

Wadau wa jogging wa Mwanza, mkimbiaji ukimuuliza unakimbiaje atakwambia natua na katikati ya unyayo, mgongo umenyooka, mikono iko poa, halafu ukimwekea video yake anabaki ameshika mdomo. Ukiwa mbioni mwili unakudanganya kabisa, unajiona unavyotaka uwe. Kwa hiyo leo tunajifunza kujijua tu, mambo ya kubadilisha yako mwishoni na wengine hamtayahitaji.

Na staili moja sahihi kwa watu wote haipo. Haile Gebrselassie, yule mkimbiaji wa Ethiopia, alivunja rekodi ya dunia ya marathon Berlin 2008 kwa 2:03:59 na ule mkono wake wa kushoto uliojikunja, umezoea hivyo tangu utotoni alipokuwa anakimbia km 10 kwenda shule na vitabu mkononi. Emil Zátopek wa Czechoslovakia alikuwa anatikisa kichwa na kukunja sura utadhani anaumwa, Helsinki 1952 akaondoka na dhahabu ya mita 5,000, ya 10,000 na ya marathon.

Hatua ya 1: sikiliza miguu. Toka alfajiri kabla daladala hazijachanganya, vua earphone, kimbia spidi yako ya kawaida na usikilize. Mguu unaotua vizuri unasikika kidogo na unaondoka haraka, ule unaopiga "pwaa" maana yake unaubamiza chini. Kikubwa zaidi sikiliza kama kulia na kushoto zinalingana. Ila hapa kuna mtego: barabara zimeinuka katikati zikashuka pembeni ili maji yatoke, na sisi tunakimbia upande wa kulia tukiangalia magari yanayokuja, kwa hiyo mguu wa kulia unatua chini kidogo kuliko wa kushoto, ukienda na ukirudi. Ukisikia tofauti barabarani usijihukumu, nenda kiwanja chochote kilicho tambarare, hata cha shule, usikilize tena. Ikipotea ilikuwa barabara, ikibaki ni wewe.

Hatua ya 2: hesabu hatua. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi ndani ya sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 40 basi unapiga hatua 160 kwa dakika. Iandike tu. Ile 180 kwa dakika inayotajwa kila mahali kuwa ndiyo idadi sahihi ya hatua ilitoka kwa kocha Jack Daniels aliyehesabu hatua za wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles 1984 akakuta karibu wote wako 180 au zaidi, lakini wale walikuwa kwenye mashindano, wewe uko kwenye jogging ya asubuhi na urefu wako mwingine na spidi nyingine.

Hatua ya 3: video. Hii ndiyo yenye kazi, usiiharakishe. Usimpe rafiki akurekodi akiwa juu ya bodaboda, picha inatikisika na huoni kitu. Mawe tunayo kila kona, egemeza simu kwenye jiwe, usawa wa nyonga, wewe upite kwa ubavu kama mita 8 hivi kutoka kwenye simu, weka slomo, yaani video ya mwendo wa polepole. Pita mara kadhaa na zile za mwanzo futa, maana mtu akijua anarekodiwa anakimbia kwa mapozi. Halafu rekodi nyingine kwa nyuma.

Sasa ile ya ubavuni, isimamishe pale pale mguu unapogusa ardhi. Angalia muundi, yaani mfupa kati ya goti na kifundo. Muundi ukiwa umesimama wima au karibu na wima, goti likiwa juu ya kifundo na limekunjika kidogo, uko sawa, hata kama kisigino ndicho kimetangulia. Ukikuta mguu umenyooka mbele kabisa, goti limekaza na unyayo uko mbali mbele ya kiwiliwili, hapo unajipigia breki kila hatua na huo mshtuko unapanda kwenye goti. Watu wanabishana sana kisigino au vidole, mimi naangalia umbali wa unyayo kutoka kwenye mwili kwanza. Ile ya nyuma angalia kama nyonga moja inadondoka, kama miguu inapishana kwenye mstari mmoja, kama mikono inavuka kitovu.

Halafu rudia yote ukiwa umechoka, mwisho wa long run, yaani mbio zako ndefu, umetoka kupanda na kushuka Capri Point huko. Staili yako halisi ndiyo hiyo, mabega yamepanda masikioni, makalio yamekaa chini, kila kitu kiko wazi.

Hatua ya 4: mchanga. Ukipata ufukwe wenye mchanga mgumu wenye unyevu, vua raba, kimbia mita 50 urudi ukague alama. Kisigino kimechimba? Mguu mmoja unaangalia nje? Mchanga unainamia ziwani kwa hiyo linganisha alama za kwenda na za kurudi. Na tafadhali usiingie majini, kichocho kipo kwenye ziwa letu, baki kwenye mchanga.

Soli za raba zinasema pia, ila kama umenunua mtumba ile soli iliyolika inaelezea miguu ya mtu mwingine. Piga picha siku unayonunua ndio ulinganishe baadaye.

Hatua ya 5: kubadilisha, kama ipo sababu. Huumwi na unaendelea vizuri? Acha. Kama magoti yanalalamika na video imeonyesha unatupa mguu mbali, ongeza hatua kwa asilimia 5 tu, spidi ile ile. Yule wa 160 anaenda 168, yaani mguu wa kulia kutoka 40 mpaka 42 kwa sekunde 30. Hapo hatua inajifupisha yenyewe na mzigo wa goti unapungua. Fanya dakika moja, rudi kawaida dakika mbili, hivyo hivyo, kitu kimoja kwa wakati. Tumia metronomu ya kwenye simu, ile app inayopiga mdundo wa kufuata, singeli achana nayo kwa hili, inaenda kasi mno. Usijilazimishe kuhama kisigino kwenda vidole kwa wiki moja, vigimbi na kano ya kisigino vitakuumiza. Na maumivu ya mfupa sehemu moja yanayobaki hata ukitembea, simamisha mbio uende hospitali.

Baada ya wiki sita rekodi tena, jiwe lile lile, raba zile zile, spidi ile ile, zitazame video mbili pamoja ukizisimamisha mguu unapogusa chini. Ukiona umbali wa unyayo umepungua na goti limetulia endelea hivyo, kama hakuna kilichobadilika anza tena kwenye kuhesabu hatua.