Istilahi za RAID: zielewe kabla hujachomoa diski

Kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa za seva ziwe kama moja, ikianza kulia na taa ya diski moja ikabadilika rangi, utakutana na vitufe vichache vyenye neno mojamoja. Ukibonyeza neno usilolielewa, data imekwenda. Basi tuanze na maneno.

Safu ni diski kadhaa ambazo mfumo endeshi unaziona kama diski moja. Jina RAID lilitoka Berkeley, California, katika makala ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz ya mwaka 1988. Herufi I ilimaanisha diski "za bei nafuu" (Inexpensive); baadaye ikageuzwa kuwa "zinazojitegemea" (Independent), na ukiona bei ya diski za seva utaelewa kwa nini.

Namba inayofuata jina ni aina ya safu. RAID 0 hugawa data vipandevipande kwenye diski zote bila akiba yoyote: ikifa moja, zote zimekufa. RAID 1 ni pacha, kila kitu kinaandikwa mara mbili. RAID 10 hugawa data juu ya jozi za pacha. RAID 5 ina pariti moja, yaani hesabu ya ziada ya kurudisha data ya diski iliyokufa; RAID 6 ina mbili. Ukiwa na diski nne za TB 4, RAID 5 inakupa TB 12. RAID 6 na RAID 10 zinakupa 8. Usishtuke Windows ikiandika 10.9 badala ya 12, inahesabu kwa 1,024.

Pariti ndiyo inayowasumbua wengi, lakini ni hesabu ya mtoto. Linganisha biti moja moja: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Diski ya kwanza ina 1011, ya pili 0110, pariti ni 1101. Diski ya pili ikifa, linganisha 1011 na 1101: unapata 0110, data yako imerudi. Kwenye RAID 5 pariti haikai kwenye diski moja, huzungushwa kwenye diski zote.

Safu iliyopoteza diski lakini bado inafanya kazi ni safu pungufu. Skrini huandika Degraded. Kwenye Linux, fungua /proc/mdstat: [UUUU] ni salama, [UU_U] diski moja haipo. Diski ya akiba (Hot Spare) ni kama spea ya gari, ila hii inajifunga yenyewe. Ikishaingia, safu huanza kujengwa upya, yaani Rebuild. Kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, diski ya TB 4 huchukua saa 11 hivi, na seva yenye kazi nyingi huchukua zaidi. Muda wote huo diski zilizobaki husomwa mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi zilinunuliwa siku moja na iliyokufa. Kwa diski kubwa, RAID 5 ni kamari. Chukua RAID 6 au 10.

Kubadilisha diski kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia safu:

1. Soma namba ya utambulisho (Serial Number) ya diski mbovu: smartctl -i /dev/sdc. Ilinganishe na kibandiko cha diski yenyewe. Kuchomoa diski isiyo mbovu kwa bahati mbaya ndiko kunakoua safu nyingi.
2. mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdc1, kisha --remove kwa namna hiyohiyo.
3. Chomeka mpya isiyo ndogo kuliko ya zamani, igawe sehemu kama zilivyo nyingine, kisha mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1.

Sasa kontrola, yaani kadi yenyewe. Kadi ya RAID ina kashe, kumbukumbu ya muda yenye kasi. Write Back maana yake kadi inasema "nimeandika" data ikiwa bado kwenye kashe. Write Through inasubiri ifike kwenye diski. Ya kwanza ina kasi, lakini umeme ukikatika bila betri ya kadi, kilichokuwa kwenye kashe kinapotea. Betri ikichoka, kadi nyingi huhamia Write Through zenyewe. Seva ikizubaa ghafla, kagua betri kabla ya kulaumu diski. Usilazimishe Write Back. HBA ni kadi isiyopanga safu, inapitisha diski kama zilivyo. ZFS, mfumo wa faili unaopanga safu wenyewe, inaitaka hii.

Ukibadilisha kadi iliyokufa, kadi mpya itaziita diski zako Foreign. Haimaanishi zimeharibika: zimebeba maelezo ya safu iliyopangwa na kadi nyingine. Hakikisha diski zote zimechomekwa, kisha chagua Import. Clear hufuta maelezo hayo, na Initialize huandika sifuri juu ya data.