Kumkinga Mgonjwa na Madhara ya Mpira wa Kupumulia Wakati wa Nusu Kaputi

Mpira wa kupumulia hupitishwa kinywani hadi kwenye njia ya hewa ya mgonjwa aliyelazwa kwa nusu kaputi, na kazi ya kulilinda koo lake na madhara ya mpira huo huanza wodini, kabla hajafikishwa chumba cha upasuaji. Mtake afungue kinywa uone kama vidole vyake vitatu vinaenea baina ya meno ya juu na ya chini, na uulize kama ana jino linalotikisika. Hapa Unguja na Pemba usiache kuuliza habari ya tambuu, kwani popoo inayotafunwa kwa miaka mingi huweza kukaza nyama za ndani ya mashavu hata kinywa kisifunguke sawasawa, na ni afadhali hilo ulijue mapema kuliko kulikuta mgonjwa ameshalala. Chakula kiwe kimepita muda wa saa 6 au zaidi, na maji matupu saa 2. Katika Ramadhani swali hili lataka uangalifu, maana aliyekula daku alfajiri atakujibu, na kwa ukweli kabisa, kwamba amefunga.

Mpe oksijeni safi kwa dakika 3 kabla ya kumlaza kwa dawa. Kama ametia piko kwenye kucha, kipimo cha oksijeni kiwekwe kwenye ndewe ya sikio, kwa sababu rangi hiyo huweza kukipotosha.

Wanawake wengi hutoshewa na mpira wa namba 7, yaani upana wa ndani kwa milimita, na wanaume 7.5 au 8. Mpira mnene kuliko haja huchubua nyuzi za sauti bila ya faida yoyote. Ukishaingia, usiridhike kwa kusikiliza kifua peke yake, kwa kuwa sauti hudanganya: hakikisha mashine inaonesha kabonidayoksaidi ikitoka pumzi baada ya pumzi, na isipoonekana, chukulia kwamba mpira umo katika umio, yaani njia ya chakula, uutoe na umpe hewa kwa barakoa. Kwa kawaida alama ya sentimita 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanamume ndiyo hukaa kwenye meno. Ukizama zaidi, mara nyingi huelekea pafu la kulia, ambalo njia yake imenyooka zaidi. Kila kichwa kinapogeuzwa, kagua tena.

Linalopuuzwa mno ni puto la mpira, yaani kifuko karibu na ncha yake kinachojazwa hewa ili kuziba njia ya hewa isivuje. Wengi hulibinya kwa vidole na kusema limetosha, na mimi sikiamini kidole cha mtu yeyote, kikiwemo changu. Mgandamizo wa hewa ndani ya puto uwe baina ya sentimita 20 na 30 za maji. Ukizidi hapo, damu huanza kukosa njia katika utando wa koo, na kidonda hutokea pasipo mtu kujua. Pasipo na kipimo, jaza hewa kidogo kidogo huku ukisikiliza shingoni, na usimame pale pale mvujo unapokoma. Ikiwa unatumia naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi, rudia kukagua mara kwa mara, kwani gesi hiyo hupenya ndani ya puto na kulifurisha.

Wakati wa kuutoa mpira, fyonza mate, subiri mgonjwa azinduke na afuate maelezo, kisha toa hewa yote ya puto ndipo uvute. Mwambie kwamba koo kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Anayerudi kisiwani Kojani kwa mashua aelezwe kabla hajaondoka kwamba sauti ikiendelea kukwaruza baada ya wiki, au pumzi ikianza kutoa mluzi, arudi hospitali bila ya kungoja.