Kujiundia Skii za Magurudumu Nairobi na Kuzipima Kabla Hazijakuangusha

Theluji iliyo karibu nasi iko kileleni mwa Mlima Kenya, na haitoshi mchezo wa skii, ule wa kuteleza kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Lakini hata wenye theluji mlangoni, kule Norwei na Ufini, kiangazi kikifika huhamia kwenye lami na skii fupi zenye gurudumu moja mbele na moja nyuma. Mkenya Philip Boit, aliyejifunza mchezo huu Ufini, alishindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 na kumaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie, alimngoja kwenye mstari wa mwisho amkumbatie. Kwa hiyo mtaani wakikuuliza unafanya nini na hayo mabomba, jibu unalo.

Hapa tunaunda skii za mtindo wa kusukuma kwa kando, miguu ikifanya umbo la V. Ule mtindo wa miguu kwenda sambamba unataka gurudumu linalokataa kurudi nyuma. Achana nao kwa sasa.

Hatua ya 1: Vifaa

Tafuta bomba la alumini la mraba, milimita 40 kwa 40. Mafundi wa madirisha huwa na vipande vilivyobaki, ila vingi ni vyembamba mno. Ukuta wa milimita 2 ndio wa chini kabisa. Ukipata wa 3, chukua huo. Nenda na kaliba yako (kifaa cha kupimia unene), usitegemee neno la muuzaji. Kata vipande viwili vya milimita 650.

Magurudumu yako Gikomba, kwenye viatu vya skeiti vya mitumba, zile za magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja. Jozi moja ya mtu mzima kwa kawaida ina manane, nawe unahitaji manne tu, kwa hiyo chagua yasiyolika upande. Kipenyo kiwe milimita 80. Beringi zake ni za namba 608, tundu la milimita 8, na boliti ya M8 huingia sawasawa. Kati ya beringi mbili kuna kibomba kidogo, usikitupe. Kisipopitisha boliti ya 8, mpe fundi wa leizi, ile mashine ya kuchongea chuma, akuchongee kingine cha urefu uleule.

Ongeza boliti nne za M8, nati zenye nailoni ndani, washa, plaiwudi ya maji ya milimita 12, bawaba mbili nene za chuma, tyubu kuukuu ya baiskeli, na buti za mitumba zenye soli ngumu.

Hatua ya 2: Matundu ya ekseli

Hapa usiwe na haraka. Skii ikiwa na mikwaruzo itakwenda, ikiwa nzito kidogo itakwenda, lakini ekseli, yaani zile boliti za M8 zinazopita katikati ya magurudumu, zisipokuwa sambamba itakupeleka mtaroni.

Toboa kabla ya kukata nafasi ya gurudumu, maana kuta zikishakatwa hutetemeka chini ya drili. Pima milimita 25 kutoka kila mwisho, katikati ya ukuta, ili ekseli ziachane milimita 600. (Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Skii zinataka angalau 530.) Drili ya mkononi haifai kabisa. Nenda Kariobangi au kwa fundi yeyote wa jua kali mwenye drili ya mezani, umlipe kwa matundu. Anza na biti ya 4, kisha ya 8, ipenye kuta zote mbili kwa mkupuo mmoja. Na muhimu: upande wa bomba uliolalia meza kwenye tundu la kwanza ndio ulalie meza kwenye la pili. Fundi atataka kuligeuza kwa sababu ni rahisi kulishika. Mwambie, “Hapana, fundi, liache vivyo hivyo.”

Ndipo ukate ukuta wa juu na wa chini, milimita 75 kutoka mwisho, yabaki masikio mawili ya pembeni. Kwenye kona za ndani toboa kwanza vitundu vya milimita 6 na msumeno uishie hapo. Kona kali ndiko ufa unakoanzia.

Hatua ya 3: Magurudumu

Gurudumu likikaa kati ya masikio litabakiza pengo kila upande. Lijaze kwa boshi za chuma, yaani vibomba vifupi vya kupitisha boliti, zilizokatwa kwa kipimo, ziguse kile kiduara cha ndani cha beringi tu. Zikigusa cha nje, gurudumu litakwama. Kaza kwa spana ya 13 mpaka gurudumu liache kuchezacheza lakini liendelee kuzunguka lenyewe likipigwa kidole.

Hatua ya 4: Buti

Kisigino lazima kiinuke. Kata plaiwudi kwa umbo la soli, ifunge kwenye buti kwa boliti za kichwa bapa zilizozamishwa chini ya soli ya ndani, kisha uunganishe ncha ya mbele na bomba kwa bawaba. Ndani ya bomba, chini ya bawaba, sukuma kipande cha mti mgumu kinachobana, la sivyo boliti zitaliponda bomba ukikaza. Ukanda wa tyubu uliofungwa kisiginoni utaivuta skii irudi mguuni kila unapoinua.

Bawaba ikae sentimita 2 hadi 3 mbele ya katikati. Ining'inize skii kwa kidole mahali pa bawaba: mkia ndio uning'inie chini. Pua ikishuka, itakwaa lami kila hatua. Kwa mguu wa namba 42 kisigino kitaishia karibu kabisa na gurudumu la nyuma, basi hakikisha hakiligusi. Mwenye mguu mkubwa aongeze urefu wa bomba.

Hatua ya 5: Kupima nyumbani

Simama katikati ya skii moja kwa miguu yote miwili, urukeruke kidogo. Shuka, vuta uzi juu ya bomba kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiona mwanga kati ya uzi na bomba, limepinda. Tafuta jingine nene zaidi.

Kisha weka skii kwenye sakafu ya vigae, sambamba na mstari, uisukume polepole. Ikienda kando, usilaumu ekseli bado. Igeuze, mkia uwe mbele, usukume tena kuelekea kulekule. Ikiegemea ukuta uleule wa nyumba, sakafu ndiyo imeinama. Ikihamia ukuta wa pili, ekseli zimepishana. Chukua tupa ya mviringo, urefushe tundu moja kidogo sana, sogeza ekseli, ubane kwa washa pana, urudie.

Hatua ya 6: Fimbo

Mwanzi mkavu, urefu kati ya kidevu na mdomo. Kwenye ncha chomeka biti ya kutobolea zege iliyovunjika. Ile ncha yake ya kabaidi hushika lami ambako msumari huteleza.

Hatua ya 7: Barabarani

Skii hizi hazina breki. Unapunguza mwendo kwa kutanua visigino nje, au unapanda majani. Basi mteremko haukuhusu, wala Thika Road. Tafuta maegesho matupu Jumapili asubuhi, lami laini, mwisho wake uwe na mwinuko kidogo. Kabro iepuke, inatikisa hadi meno. Helmeti, glavu na pedi za magoti na viwiko uvae tangu mara ya kwanza.

Anza na skii mguu mmoja, mwingine ukiwa na raba, usukume kama mtoto wa skuta. Ukizoea, badilisha mguu, halafu vaa zote. Baada ya dakika 10 simama, kagua nati zote na uguse beringi: yenye joto kuliko wenzake imebanwa, ilegeze robo mzunguko. Mvua ikikukuta, ukifika nyumbani toa magurudumu, yafute, utie grisi mpya usiku huohuo, kwa sababu maji yenye vumbi la Nairobi yakilala kwenye beringi, asubuhi utaisikia ikisaga.