Kuunda jahazi dogo la mbao: kutoka mkuku hadi tanga

Maswali ninayoletewa ni yale yale mawili: "Mbona mbao zangu zinabanduka?" na "Mbona chombo kimepinda?" Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo naweka somo zima hapa. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Tunaunda jahazi la Lamu kwa kipimo cha 1:40. Jahazi la kweli la mita 16 litakuwa na urefu wa sentimita 40, linatosha juu ya kabati. Nimelichagua kwa sababu michoro mingi inayouzwa ni ya manowari za Ulaya, zenye milingoti mitatu na kamba mamia, na anayeanza hukata tamaa kabla ya kufika sitahani. Jahazi lina mlingoti mmoja mkubwa, tanga moja na kamba chache. Halafu ni chombo chetu, na mafundi wake wapo. Ukifika Matondoni kisiwani Lamu, utakuta vyombo vimeegeshwa juu ya magogo vinaundwa. Omba ruhusa, kisha piga picha tatu: ubavuni, mbele na nyuma, kamera ikiwa chini, usawa wa mkuku, yaani ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo. Picha iliyopigwa kutoka juu haina faida, maana inaficha umbo la tumbo la chombo.

Vifaa. Plaiwudi ya milimita 4 kwa mkuku na mataruma, yaani mbavu za chombo. Vipande vya mbao laini vya unene wa milimita 1.5 na upana wa milimita 5 kwa ubavu. Kisu chenye wembe wa kubadilisha, msumeno mdogo, tupa, msasa namba 120, 240 na 400, gundi nyeupe ya mbao, vibanio vya nguo dazeni tatu, pini, sufuria ya maji ya moto. Mbao usinunue. Nenda kwa seremala umwombe mabaki, mwambie akupasulie kwa msumeno wake wa meza. Tafuta mti wenye nyuzi zilizonyooka. Wenye nyuzi zilizosokotana utakatika ukiukunja, hata uwe mzuri kiasi gani kwa macho.

Hatua ya 1. Chora ubavu wa chombo kwa ukubwa kamili kwenye karatasi.

Hatua ya 2. Kata mkuku pamoja na mti wa omoni (mbele) na wa tezini (nyuma). Hakikisha umenyooka kwa kuulaza juu ya kioo.

Hatua ya 3. Kata mataruma kumi, kila moja na pengo lake la kukalia kwenye mkuku. Kunja karatasi katikati uchore nusu moja tu, ili kulia na kushoto viwe sawa.

Hatua ya 4. Gundisha mataruma wima, kwa pembemraba. Acha usiku kucha.

Hatua ya 5. Kupiga mbao. Hapa ndipo vyombo vingi huharibika, na karibu kila picha ya chombo kilichopinda ninayotumiwa imeharibikia hapa. Usiharakishe.

Kwanza, chonga kingo za mataruma. Taruma la katikati hubaki lilivyo, lakini kadiri unavyokaribia omoni na tezini, ukingo wake lazima uchongwe kwa mshazari ufuate mpindo wa ubao. Chukua ufito mwembamba, ulaze juu ya mataruma yote kutoka mbele hadi nyuma. Ukigusa ncha tu ya taruma, chonga tena. Ukiona mwanga kati ya ufito na taruma, umechonga kupita kiasi. Bandika kipande cha karatasi nene ujazie. Kazi hii inachosha na haionekani kwenye picha, ila gundi itashika au haitashika kutokana nayo.

Pili, pima kabla ya kukata. Kwenye taruma la katikati, zungusha ukanda wa karatasi kutoka mkukuni hadi ukingo wa juu. Tuseme umepata milimita 90. Kwa mbao za milimita 5, zinahitajika 18 kila upande. Sasa pima omoni. Ukipata milimita 63, mbao zile zile 18 lazima zienee hapo, kwa hiyo kila moja ipunguzwe hadi milimita 3.5 mwishoni. Watu hawapunguzi. Wanabandika mbao nzima nzima, zinaanza kupandana omoni, wanazilazimisha, na ubao unanyanyua ukingo mmoja kama gamba la samaki. Ubao hukubali kukunjwa kwa bapa lake, na hukubali kusokotwa kidogo. Haukubali kukunjwa kwa ukingo wake. Ukiona unahitaji nguvu ya kidole gumba kuulaza, utoe, upunguze. Lakini usipunguze chini ya nusu ya upana. Ikibidi kufika huko, ondoa ubao mmoja, uache ule wa jirani uingie nafasi yake kwa pengo la mraba.

Tatu, loweka mbao kwenye maji ya moto kwa robo saa hadi nusu saa, zibane mahali pake kwa vibanio BILA gundi, ziache zikauke kabisa. Ndipo ugundishe. Ubao uliogundishwa ukiwa na maji hunywea ukikauka, na utapata nyufa kutoka mbele hadi nyuma.

Nne, na hili naliandika kwa mkazo: ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila ubao unapokauka huvuta mkuku upande wake. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mkuku utapinda, na hakuna msasa wala maji ya moto yatakayounyoosha tena.

Anza na mbao tatu za juu kila upande. Kisha shuka, upige ule unaogusa mkuku. Huu wa mkukuni usiuache upande juu omoni. Ukipanda, umeziibia nafasi mbao zote zinazofuata. Uishie chini, mapema. Halafu jaza katikati kutoka pande zote mbili.

Hatua ya 6. Msasa, namba 120 kwanza, 400 mwisho. Fuata nyuzi.

Hatua ya 7. Ubao bapa wa tezini, sitaha fupi ya mbele na ya nyuma, usukani na kana yake, yaani mpini wa kuugeuzia. Katikati acha wazi; humo ndimo shehena inakaa.

Hatua ya 8. Rangi. Juu ya maji mbao hupakwa mafuta, ziachwe zionekane. Sehemu ya chini, vyombo vya kweli hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Tumia rangi nyeupe isiyong'aa, uitie tone la kahawia. Nyeupe ya dukani kavu kavu inaonekana kama ukuta wa zahanati. Macho mawili ya mviringo omoni yachonge kwa kibao chembamba cha mti na uyabandike. Yaliyochorwa tu hayakai vizuri.

Hatua ya 9. Mlingoti na foromali, yaani boriti ya kufungia tanga. Mlingoti wa jahazi huinamia MBELE. Kichwa chake kiwe mbele ya kitako. Hivyo foromali nzito inaning'inia mbali na mlingoti na inaweza kupitishwa mbele yake chombo kinapogeuza. Foromali iwe ndefu kuliko mlingoti, na usiitengeneze kwa kijiti kimoja: unganisha viwili, vipishane katikati, uvifunge kwa uzi kama wanavyofanya mabaharia. Kwenye kile kifundo kirefu cha kamba katikati ya foromali ndiko jicho la mtazamaji linakokwenda kwanza.

Hatua ya 10. Tanga la pamba nyembamba, lililochovywa kwenye chai ya rangi. Shona vipande vyembamba, usichore mistari kwa penseli. Zungushia dasi, yaani kamba ya pindo, ukingoni, kisha lifunge kwenye foromali. Kamba: gawanya unene wa kweli kwa 40. Kamba ya milimita 24 ni uzi wa milimita 0.6. Henza, kamba ya kupandishia tanga, iwe nene kuliko zote, maana ndiyo inayobeba foromali.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Mkuu somo safi. Sijasoma lote, ni mbao ngapi kila upande?

Jibu: Hatua ya 5, sehemu ya pili. Idadi inatoka kwenye kipimo cha chombo chako.

Kijana wa Mbagala: Si ungesema tu 18?

Jibu: Nimetoa 18 kama mfano wa milimita 90. Taruma lako likiwa na milimita 80, ukapiga 18, zitakuzidi. Pima.

Zuhura T.: Shikamoo fundi. Babu yangu alikuwa akiunda mashua Tanga, na nakumbuka mbao zilitangulia, mataruma yakaja baadaye. Wewe umeanza na mataruma. Kuna sababu?

Jibu: Marahaba, binti. Umeona vizuri sana. Mafundi wengi wa Bahari ya Hindi walikuwa wakitanguliza mbao kwa jicho, ubao juu ya ubao, kisha wakachonga mataruma yafuate umbo la ndani. Umbo la chombo lilikuwa kichwani mwa fundi. Sisi tunatanguliza mataruma kwa sababu hatuna jicho lile, basi mataruma ndiyo yanatuwekea umbo. Ukishaunda viwili vitatu, jaribu njia ya babu: chonga kwanza gogo la mti laini liwe umbo la ndani, lipake nta ili gundi isishike, piga mbao juu yake, kisha lichomoe utie mataruma mepesi. Chombo kinakuwa chepesi, na ndani kinaonekana kama cha kweli. Kama kuna mzee wa familia anayekumbuka vipimo vya babu, andika sasa hivi, urefu wa mkuku kwa mikono au kwa pima, chochote atakachosema.

Zuhura T.: Mama anakumbuka. Nitampigia leo.

Jibu: Muulize pia mti wa mkuku ulikuwa wa nini na mataruma walikata wapi. Mataruma mazuri hutoka kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, nyuzi zikafuata mpindo. Hata kwenye chombo kidogo, kitawi cha mlimau kilichopinda kinashinda plaiwudi.

Msafiri77: Mlingoti umekosea. Meli zote nilizoziona mlingoti unalala nyuma.

Jibu: Hizo ulizoziona si majahazi. Tazama picha yoyote ya jahazi la Lamu kwa ubavu. Sijakosea.

Abuu Rayyan: Niko Oman. Naweza kutumia somo hili kuunda ghanja, aina ya jahazi la huku? Nimeiona ile Fath al-Khayr pale Sur.

Jibu: Hongera, umepata mfano bora wa kupima kwa macho. Ile iliundwa Sur mwaka 1951. Hatua ni hizi hizi mpaka ya 6. Tofauti kubwa iko tezini: ghanja ina ubao mpana wa nyuma wenye nakshi. Uchonge ukiwa mezani, kabla hujaubandika. Nakshi usizichonge kwenye mti laini, zitavunjika kingo. Tafuta mchungwa au mlimau, nyuzi zake ni ndogo na hushika kona kali. Mti huo huo ndio natengenezea kapi za kupitishia kamba.

Abuu Rayyan: Kapi unazitoboaje bila kupasuka?

Jibu: Toboa kijiti kizima kwanza, matundu yote kwa mstari, halafu ndipo ukate kapi moja moja. Kingo zisugue ndani ya kopo lililobandikwa msasa: tia kapi zote, tikisa dakika chache, zinatoka za mviringo.

Fundi Chipukizi: Gundi nyeupe inachelewa. Nimetumia supagluu mbao zote, kulia nimemaliza, kesho naanza kushoto.

Jibu: Soma neno BILA kwenye Hatua ya 5, na sehemu ya nne chini yake. Simama hapo ulipo, weka rula kwenye mkuku. Ukiwa bado umenyooka, funga chombo kwenye ubao mnene usiopinda kabla hujaendelea na kushoto.

Fundi Chipukizi: Umepinda kama milimita 3.

Jibu: Basi mbao za kulia zitolewe. Supagluu huachia kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Fungua dirisha. Mataruma utayaokoa.

Mama Nasra: Mwanangu wa miaka 12 anataka kuanza, na ana pumu kidogo. Vumbi?

Jibu: Swali muhimu, dada. Asitumie mvule wala mpingo. Vumbi la miti hiyo huwasha pua na kifua hata kwa mtu mzima asiye na tatizo. Paini inamtosha. Msasa apige nje, na barakoa. Mkatie mataruma wewe, yeye aanze na hatua ya 4. Na kwa chombo cha kwanza mpe mbao za upana wa milimita 8, zitakuwa chache.

Mwana wa Pate: Fundi, vipi mtepe? Ule usio na misumari.

Jibu: Nilikuwa nangoja mtu aulize. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la mraba. Mbele na nyuma kuna ncha, hakuna ubao bapa, kwa hiyo tezini pima kama unavyopima omoni. Unaanza na mbao bila shaka, kwa njia niliyomweleza Zuhura. Matundu yawe ya milimita 0.6, yakitazamana pande mbili za kiungo, na utoboe kabla ya kukunja ubao. Ukitoboa baada ya kukunja, utapasuka kwenye mstari wa matundu. Uzi uwe wa katani uliosuguliwa nta ya nyuki, usitoe manyoya. Tanga lisukwe kwa ukili, yaani jani la kusukia mkeka, uliochanwa kwa sindano mpaka uwe mwembamba kama unavyoweza kuushika.

Mwana wa Pate: Na ukili ukikauka ukavunjika?

Jibu: Suka ukiwa na unyevu, ukiwa umeufunga kwenye kitambaa kibichi, na ulikunje tanga siku hiyo hiyo unapolifunga kwenye foromali.