Taasisi si mtu: jina lake lisigeuzwe kwenye marejeo

Ukimwingiza mwandishi “Ofisi ya Taifa ya Takwimu” kwenye Zotero (programu ya kutunza na kupanga marejeo), hakikisha jina zima liko kisanduku kimoja. Bonyeza kitufe kidogo kando ya jina, visanduku viwili viungane. Vikibaki viwili, programu huweza kudhani “Takwimu” ni jina la ukoo na maneno yaliyotangulia ni majina ya kwanza, kisha marejeo yakaanza na “Takwimu, O.”, jambo linalomvunjia mhariri imani na mswada wote. Kisha rudi Word ubonyeze Refresh kwenye kichupo cha Zotero ili marejeo yajisahihishe. Haitasaidia kama marejeo uliyaandika kwa mkono au umeshakata kiungo na Zotero. Hapo ni kurekebisha moja moja. Na kwa APA (mtindo wa kuandika marejeo) toleo la 7, taasisi ikiwa pia mchapishaji, acha wazi sehemu ya mchapishaji.