Pingili ya uti wa mgongo iliyoteleza: mpige mgonjwa eksirei akiwa amesimama
Wenzangu wa kliniki za mifupa hapa Dar, MRI (picha ya mwili ipigwayo kwa sumaku) ya mgonjwa aliyelala chali isiwatulize. Pingili ya nne ya kiuno iliyoteleza mbele juu ya ile ya tano huweza kurudi mahali pake akilala, ukadhani hakuna kitu. Agiza eksirei ya ubavuni akiwa amesimama, kisha ilinganishe na MRI hiyohiyo. Tofauti ya mtelezo kati ya picha hizo mbili ndiyo inayosema kama pingili inacheza. Eksirei ya kuinama na kujipinda nyuma inasaidia, ila mama mwenye maumivu makali hainami vya kutosha (nani angeinama?). Tazama pia viungo vidogo vinavyounganisha pingili kwa nyuma: majimaji ndani yake yenye upana unaozidi milimita 1.5 yanatia shaka kwamba pingili inacheza, hata kama mtelezo hauonekani kwenye MRI.