Ofisini Dodoma barua pepe inatoka, ukifika Kongwa inagoma

Mtumishi akiwa ofisini anatuma barua pepe vizuri. Akienda Kongwa au Mpwapwa akawasha bando la simu, seva inamkataa. Usikimbilie kumbadilishia nywila. Kwenye ofisi nyingi hakuna anayeulizwa nywila wakati wa kutuma, kwa sababu Postfix, programu ya seva inayotuma barua, inazipitisha anwani zote zilizomo kwenye `mynetworks`, yaani orodha ya anwani za mtandao inazoziamini. Kasoro ya uthibitishaji inaweza kujificha hapo miezi mizima.

Fungua logi: `/var/log/mail.log` kwa Debian na Ubuntu, `/var/log/maillog` kwa jamii ya Red Hat. Mwambie aliye safarini atume tena huku ukiangalia kwa `tail -f`. Ukiona `554 5.7.1 Relay access denied`, hajathibitishwa. Mara nyingi simu yake imewekwa poti 25 badala ya 587, au haikuwekewa nywila ya kutumia. Ukiona `SASL LOGIN authentication failed` au `SASL PLAIN authentication failed` (simu yenyewe hujibiwa `535 5.7.8`), nywila imefika ikakataliwa. Kama hakuna mstari wowote, hajaifikia Postfix, basi tafuta kwenye faiwoli.

Jaribu mwenyewe, ila kompyuta iwe kwenye hotspoti ya simu, si Wi-Fi ya ofisi:

`openssl s_client -starttls smtp -connect jina-la-seva:587`

Andika `EHLO jaribio`. Lazima majibu yawe na mstari wenye `AUTH`, kama `AUTH PLAIN` au `AUTH PLAIN LOGIN`. Usipouona, nenda `master.cf`, faili la mipangilio ya Postfix, sehemu ya `submission`, uhakikishe ipo `-o smtpd_sasl_auth_enable=yes`, bila nafasi kuzunguka alama ya sawasawa. Nafasi hiyo moja imewatesa wengi. (Ukijaribu kwa telnet usishangae kukosa AUTH: `smtpd_tls_auth_only=yes` huificha mpaka usimbaji wa TLS uanze, na ndivyo inavyotakiwa.)

Muunganisho ukikatika papo hapo na logi ikasema `Connect to private/auth failed`, soketi (faili la mawasiliano) ya Dovecot, programu inayomhakikia Postfix nywila, haipo mahali pake. Postfix huitafuta ndani ya `/var/spool/postfix`, hivyo kwenye mipangilio ya Dovecot `unix_listener` iwe `/var/spool/postfix/private/auth`, mode 0660, mmiliki na kundi `postfix`. Anzisha Dovecot upya.

Kwa 535, endesha `doveadm auth test jina@kikoa` kwenye seva. Ikikubali, tatizo liko kwenye simu, na kwa kawaida ni jina lililoandikwa bila kikoa.

Limebaki la fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea nywila mara nyingi, ambalo huchanganya kuliko yote: leo anaingia, kesho hapana, na hajagusa chochote. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP. Simu moja yenye nywila ya zamani ikigonga seva usiku kucha, wenzake wote wa anwani hiyo wanafungiwa. Angalia `fail2ban-client status postfix-sasl`, kisha `fail2ban-client set postfix-sasl unbanip ANWANI`, na uisake hiyo simu kwa jina la mtumiaji kwenye logi za Dovecot. Usiiweke anwani ya mtandao wa simu kwenye `mynetworks` ili kumaliza kelele. Yeyote mwenye laini hiyo ataweza kutuma taka kupitia seva yako.